Nilipata presha ya mimba, mtoto ana miezi 18 na ni mdogo kuliko wenzake: je, ugonjwa wangu ndio uliomzuia kukua?

mama_fundi

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa msomaji tu wa mijadala ya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jibu nililopewa kliniki halijaniingia akilini.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima napima mabega, viuno na urefu wa miguu, kwa hiyo nikisema mwanangu ni mdogo naomba mniamini. Ametimiza miezi 18. Suruali niliyoikata kwa vipimo vya mtoto wa mwaka mmoja ndiyo kwanza inamkaa sawasawa.

Historia yake ni hii. Ni mimba yangu ya kwanza. Hadi wiki ya 30 kila kitu kilikuwa shwari. Wiki ya 31 uso na mikono vikaanza kuvimba, pete ikakataa kutoka kidoleni. Kliniki wakapima presha wakakuta 150/100, mkojo ukawa na protini. Nikalazwa, nikaanzishiwa vidonge. Mwisho wa wiki ya 33 kichwa kikaniuma mno, nikawa naona vimulimuli machoni, presha ikapanda hadi 170/110. Nikachomwa sindano ya magnesiamu, na nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto, wiki ya 34 ilipotimia nikafanyiwa upasuaji.

Alizaliwa na kilo 1.4, urefu sentimita 40. Daktari aliyenipasua alinieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa dogo na lilikuwa na sehemu zilizokwisha kufa. Maneno hayo sijayasahau. Tulikaa wodini, mtoto nimembeba kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, hadi alipofikisha uzito wa kuruhusiwa.

Urefu wake tangu hapo: miezi 6 alikuwa sentimita 60, mwaka mmoja alikuwa 69.5, na juzi miezi 18 ni 76. Uzito wa sasa ni kilo 8.7. Mzingo wa kichwa ni sentimita 46.8. Anatembea vizuri, anaita watu, akiambiwa leta kiatu analeta.

Tatizo ni kwamba juzi kwenye kadi wameweka nukta yake chini ya mstari mwekundu na pembeni wakaandika "amedumaa". Kisha nikaulizwa namlisha nini, kwa sauti ambayo kila mama aliyekuwa kwenye benchi aliisikia. Mtoto huyu anakula! Nyumbani nako kuna ndugu anayesema nilijitakia mwenyewe kwa kuinamia cherehani hadi mimba kubwa.

Naomba kujua mambo matatu. Je, ile presha ndiyo iliyomfanya awe mdogo? Je, atabaki hivyo maisha yake yote? Na je, nimwongezee chakula kwa nguvu ili awafikie wenzake? Mimi nina sentimita 154, baba yake 168, maana najua mtaniuliza.

mama_wa_watatu

Pole sana dada, na hongera kwa kumtunza. Yangu haikuwa presha, ilikuwa malaria, na yenyewe ilikuwa mimba ya kwanza. Niliambiwa baadaye kwamba mimba ya kwanza ndiyo huathirika zaidi, kwa sababu vimelea vya malaria hujificha na kung'ang'ania ndani ya kondo la nyuma, na mwili wa mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba haujajifunza kupambana na vimelea vya aina hiyo. Hata mtu aliyekulia sehemu yenye malaria na kudhani ameizoea hukutwa hana kinga hapo. Damu ilinipungua sana, viganja vikawa vyeupe.

Binti yangu alizaliwa miezi yote ikiwa imetimia, lakini na kilo 2.1. Alikuwa na miguu myembamba na ngozi imelegea kama ya mtu mzima. Miaka miwili ya kwanza niliishi na wasiwasi kama wako.

Sasa ana miaka 11. Darasani kwake yuko katikati, si wa mbele wala wa nyuma kwenye mstari wa kupanga kwa urefu. Wadogo zake wawili, ambao mimba zao nilipewa dawa za kuzuia malaria kila nilipofika kliniki na nililala ndani ya chandarua, walizaliwa na zaidi ya kilo 3, na nikiwatazama kwa umri uleule aliokuwa nao dada yao, wao wamemzidi urefu kidogo. Sitakudanganya kwamba hakuna tofauti kabisa. Ipo, lakini haijamzuia kufanya lolote.

mkunga_mstaafu

Mwanangu, hongera kwa kufika hapo na mtoto. Kilo 1.4 si mchezo. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na baadaye kliniki ya watoto hadi nikastaafu, na ulichoandika kimenigusa, hasa hilo benchi. Nitajibu kwa urefu, unisome taratibu.

Kwanza ndugu anayesema habari za cherehani. Kuinama hakuleti presha ya mimba. Ugonjwa huu chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, na huanza mapema mno, wakati wewe hujasikia dalili yoyote. Mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inayolilisha kondo inatakiwa itanuke katika miezi ya mwanzo ili damu nyingi ipite kwa utulivu. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki inavyopasa. Kondo likikosa damu ya kutosha linatoa kemikali zinazoingia kwenye damu ya mama na kuharibu kuta za mishipa yake mwili mzima. Hapo ndipo presha inapanda, figo zinavujisha protini, kichwa kinauma. Wanaopata zaidi ni wenye mimba ya kwanza kama wewe, wenye mapacha, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo au presha ya zamani, wenye unene mkubwa, na wale ambao mama zao au dada zao waliwahi kuipata. Kazi ya kukaa kwenye kiti cha fundi haimo.

Na zile sindano za magnesiamu zilikuwa za kukukinga na degedege, yaani kifafa cha mimba chenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha zinapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Waliokuhudumia walifanya kazi yao.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, ugonjwa ndio uliomfanya azaliwe mdogo, tena kwa njia mbili kwa mpigo, na hizi njia mbili watu wengi huzichanganya. Mtoto anaweza kuwa mdogo kwa sababu amezaliwa kabla ya wakati, ambaye tunamwita njiti. Anaweza pia kuwa mdogo kwa sababu alibanwa tumboni, chakula na hewa havikumfikia vya kutosha, hata kama angezaliwa wiki ya 40. Wa kwako ni yote mawili. Mtoto wa wiki 34 aliyekua vizuri huwa na kilo 2 na kitu. Wa kwako alikuwa na 1.4. Hiyo tofauti ndiyo kazi ya zile sehemu za kondo zilizokufa alizokuambia daktari.

Lakini tazama kichwa chake. Mtoto anayebanwa tumboni hupeleka damu iliyopo kwenye ubongo na moyo kwanza, misuli na mafuta yakasubiri. Ndiyo maana huzaliwa na kichwa kinachoonekana kikubwa juu ya mwili mwembamba. Leo ana sentimita 46.8, karibu kabisa na katikati kwa mvulana wa umri wake. Hiki ndicho kipimo nilichokitafuta kwanza nilipokusoma, na nikashusha pumzi.

Sasa tuje kwenye lile neno "amedumaa". Wamemweka kwenye chati kwa umri gani? Naona wametumia miezi 18, wakihesabu kutoka siku aliyozaliwa. Mtoto huyu alitoka wiki 6 kabla ya siku yake. Njiti tunamhesabia umri kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na tunaendelea hivyo hadi atimize miaka 2. Kumpima kwa kalenda ni kumvalisha nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, wewe fundi utanielewa. Umri wake wa kuweka kwenye chati ni miezi 16 na nusu.

Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi 18 mstari mwekundu wa chini uko sentimita 76.9. Kwa 76 yuko chini yake, ni kweli. Kwa miezi 16 na nusu mstari huohuo uko kama sentimita 75.5, na yuko juu yake. Uzito vilevile: miezi 18 mstari uko kilo 8.8 na yeye ana 8.7, lakini kwa miezi 16 na nusu mstari uko karibu kilo 8.5. Nukta ileile, mtoto yuleyule, ila ameitwa jina lisilo lake.

Halafu nukta moja haisemi kitu. Mimi nilikuwa nafundisha wauguzi wapya wasome mwendo wa mstari kabla ya kusoma nukta. Nimezihesabu zako upya. Miezi 6 alikuwa chini ya mstari mwekundu kwa zaidi ya nusu sentimita. Mwaka mmoja ameugusa na kuupita kidogo. Sasa yuko juu yake. Anapanda polepole, na kupanda ndiko tunakokutaka.

Watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba yao, kama 9 katika 10 huwafikia wenzao kwa kiwango cha kawaida cha urefu wakitimiza miaka 2. Wale waliokuwa njiti pia, kama wa kwako, huchukua muda zaidi, wengine hadi miaka 4. Akifika miaka 4 bado yuko chini ya mstari na hapandi, hapo aonwe na daktari wa homoni za watoto. Dawa ya homoni ya ukuaji kwa watoto wa namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na Ulaya mwaka 2003, ingawa ni matibabu ya miaka na hayahitajiki kwa wengi wao.

Kitu kimoja naomba unijibu: siku ile walipompima 76, alilazwa au alisimamishwa?

mama_kisukari

Naongezea upande wa pili wa jambo hili, maana ukisoma huu uzi utadhani ugonjwa wa mama humfanya mtoto awe mdogo tu. Mimi nilikuwa na kisukari cha mimba kilichogunduliwa kwa kuchelewa. Mwanangu alizaliwa na kilo 4.3, kila mtu akashangilia "mtoto mkubwa, mwenye afya". Saa chache baadaye sukari yake ikashuka akawa anatetemeka. Tumboni alikuwa anapokea sukari yangu nyingi, kongosho lake likazoea kutoa insulini nyingi, na kitovu kilipokatwa sukari ikakoma lakini insulini ikabaki. Sasa ana miaka 6 na kliniki wananiambia nichunge uzito wake usiende juu. Kwa hiyo tuko kwenye chati ileile, ila sisi tunatazama mistari ya juu.

mwalimu_baiolojia

Nimevutiwa na mjadala huu kwa sababu nafundisha mada hii, na pia kwa sababu mke wangu alipitia njia ya mama_fundi.

Alichosema mama_kisukari kina ushahidi mzito. Miongoni mwa watu wa Pima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, watafiti walilinganisha ndugu wa tumbo moja: aliyezaliwa kabla mama hajapata kisukari, na aliyezaliwa baada ya kukipata. Wa baadaye ndio waliokuwa wanene zaidi na ndio waliopata kisukari zaidi. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja. Kilichobadilika ni hali ya mwili wa mama wakati wa mimba. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000.

Jambo jingine ambalo watu husahau ni wakati. Ugonjwa uleule, mwezi tofauti, matokeo tofauti. Mwaka 1941 daktari wa macho huko Sydney, Norman Gregg, aligundua kwamba watoto waliokuwa wanaletwa kwake na mtoto wa jicho wengi mama zao walipata rubela mwanzoni mwa mimba. Rubela ikimpata mama katika wiki 12 za kwanza hatari kwa mtoto ni kubwa sana, kwa macho, masikio na moyo, kwa sababu ndipo viungo vinaumbwa. Ikimpata miezi ya mwisho hatari hiyo hushuka sana. Uholanzi nako, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula na kuna wakati mgao wa mtu haukufika hata kalori 1,000 kwa siku. Waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto wepesi. Waliokuwa miezi ya mwanzo, njaa ikaisha kabla hawajajifungua, walizaa watoto wenye uzito wa kawaida, lakini watoto hao walipofika utu uzima ndio walioonekana na ugonjwa wa moyo zaidi. Yaani uzito wa kuzaliwa haukusema yote.

Kwa presha ya mimba iliyoanza wiki ya 31, viungo vya mtoto vilikuwa vimeshaumbwa. Kilichobanwa ni ukuaji, na ukuaji una nafasi ya kurudi.

Ila kwa kuwa umeuliza kuhusu maisha yake yote, nadhani unastahili kujua hili pia. David Barker wa Uingereza alifuatilia wanaume waliozaliwa Hertfordshire kati ya 1911 na 1930, ambao wakunga waliandika uzito wao wa kuzaliwa na wa mwaka mmoja. Waliokuwa wepesi zaidi ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Na watoto wa mama waliopata presha ya mimba, wakipimwa ujanani, presha yao kwa wastani huwa juu kidogo kuliko ya wengine. Ni kidogo, milimita chache. Hizi ni hesabu za makundi ya maelfu na hazimtabirii mtoto mmoja. Sisi nyumbani tumezitumia kwa jambo moja tu: mwanetu anapimwa presha kila anapokwenda kwa daktari, na hatuna haja ya kusubiri augue.

Kuhusu urefu wake wa mwisho, kuna hesabu ya haraka ambayo madaktari wa watoto huitumia. Kwa mvulana, jumlisha urefu wa baba na mama, ongeza 13, gawa kwa 2. Kwenu: 168 + 154 + 13 = 335, nusu yake ni 167.5, na wengi huangukia ndani ya sentimita 8 hadi 10 juu au chini ya hapo. Mwanao hakuumbiwa kuwa na mita 1.85 hata kama mimba ingekwenda bila tatizo lolote. Usimlinganishe na mtoto wa jirani mwenye baba mrefu.

mama_fundi

Shikamoo mama mkunga. Asanteni nyote, nimesoma kila mstari, mwingine mara mbili, na nikamsomea mume wangu.

Alisimamishwa. Kuna kipimo kimebandikwa ukutani, akasimamishwa pale, akawa analia na kukunja magoti. Miezi 6 na mwaka mmoja alilazwa kwenye ubao, hilo nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Habari ya moyo imenitisha, mwalimu, siwezi kuficha. Lakini afadhali nijue. Nilichokuwa nakihofia zaidi ni kwamba nilimfanyia kitu mtoto bila kujua, na hilo la mishipa isiyotanuka limenipa kulala. Yule ndugu nimemtumia maelezo ya mama mkunga kama yalivyo, sijaongeza neno.

Bado sijajibiwa la chakula. Nina mafuta, nina maziwa ya unga, kila mtu ananishauri nimwongezee hiki na kile, nimwamshe usiku ale. Nifanyeje? Nina hamu sana ya kumwona anapanda haraka.

mkunga_mstaafu

Marahaba mwanangu.

Basi kosa ni la ukuta pia. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelala, kichwa kimeshikwa, magoti yamenyooshwa, nyayo zimegusa ubao. Akipimwa amesimama hutoka mfupi zaidi, na maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yanasema uongeze sentimita 0.7. Hapo bila kuhesabu magoti aliyokuwa anakunja. Kwa hiyo mwekee 76.7. Maana yake tangu atimize mwaka ameongeza sentimita 7.2 katika miezi 6. Mtoto wa katikati kabisa kwenye chati, kwa umri wake, huongeza kama 6.8. Amewazidi mwendo. Akipimwa tena usitumie tepu yako ya kushonea, inafuata mikunjo ya mwili. Omba ubao.

Sasa chakula, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usimwamshe usiku. Usimkaze kula. Tunataka mtoto huyu aongezeke urefu, misuli na kichwa. Mtoto aliyebanwa tumboni mwili wake umejifunza kuweka akiba, akijazwa mafuta na sukari anaweka mafuta haraka kuliko urefu, na huo uzito wa haraka hasa baada ya miaka 2 ndio unaoonekana kuongeza ile hatari ya presha, kisukari na moyo aliyoitaja mwalimu. Unaona jinsi mambo yanavyoshikana. Mpe vyakula vya mchanganyiko kama mtoto yeyote wa umri wake, milo 3 au 4 na kitu kidogo katikati, protini isikosekane kila siku, iwe ya mnyama, yai au jamii ya kunde. Kama bado ananyonya, mwache anyonye hadi miaka 2 na zaidi. Ulizia madini ya chuma: mtoto huweka akiba kubwa ya chuma katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na njiti hutoka kabla hajaijaza, wengi hupungukiwa damu mapema. Apimwe damu kama hajapimwa. Na minyoo na kuharisha visipuuzwe, maana mtoto anaweza kula vizuri na bado akapoteza kila kitu tumboni.

Mambo ya kukufanya umkimbize kwa daktari kabla ya siku ya kliniki ni haya: urefu kusimama kabisa kwa miezi 3 au zaidi, mstari kushuka na kuvuka mstari mwingine, kichwa kuacha kukua, au mtoto kupoteza kitu alichokuwa anakiweza, mfano alikuwa anatembea sasa hatembei. Kuwa mdogo huku anapanda hakumo.

Nami nina swali kwako ambalo humu hakuna aliyeliuliza, na linanisumbua tangu nisome ujumbe wako wa kwanza. Presha yako wewe umeipima lini mara ya mwisho?

mama_wa_watatu

Hilo swali hata mimi sikuulizwa kamwe baada ya kujifungua. Kila mtu humwangalia mtoto.

mama_fundi

Mama mkunga, baada ya wiki 6 za uzazi walinipima wakasema imeshuka, vidonge wakaviondoa. Tangu hapo sijapima. Leo baada ya kukusoma nimepita mahali wanapopima, imetoka 136/86, nikiwa nimetoka kutembea juani. Sasa sijui hiyo ni nzuri au mbaya.

Na kwa kweli tulikuwa tunafikiria mtoto wa pili mwakani. Sikutaka kuandika kwa sababu nilikuwa naogopa mtaniambia nisijaribu.

mkunga_mstaafu

Sikukatazi hata kidogo.

136/86 si ya kukukimbiza hospitali leo, lakini si ya kuachwa ipite. Pima tena siku mbili tatu tofauti, asubuhi, ukiwa umekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijakunjwa nne, mkono umelazwa usawa wa moyo. Andika zote, umpelekee daktari. Mwanamke aliyepata presha ya mimba hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake ambaye hakuipata, na wengi hawaambiwi. Kwa hiyo kupima kila mwaka iwe ada yako hata ukijisikia mzima.

Kuhusu mimba ya pili, mwone daktari kabla ya kushika, presha na figo vikaguliwe. Ukishika tu, nenda mapema, usisubiri tumbo lionekane. Mwambie waziwazi: "Mimba ya kwanza nilipata presha kali nikajifungua wiki ya 34." Maneno hayo yanakuweka kwenye kundi la wanaopewa aspirini ya kiwango kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki ya 20, na madaktari wengi huianza kabla ya wiki ya 16. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliotumia miligramu 150 kuanzia wiki ya 11 hadi 14 ulipunguza kwa zaidi ya nusu ile presha ya mimba inayolazimisha mtoto atolewe kabla ya wiki 37, yaani aina iliyokupata. Kiwango chako atakipanga daktari, usijinunulie mwenyewe. Kama chakula chako hakina kalisi ya kutosha, ataongeza na hiyo.

Na siku ya kliniki ya mtoto, kabla hawajaweka nukta, mpe muuguzi tarehe mbili: aliyozaliwa na aliyotarajiwa.

mama_fundi

Nimeziandika zote mbili kwenye jalada la kadi kwa kalamu nyekundu, na chini yake "apimwe amelala". Kliniki ni Jumatatu. Presha naanza kuipima kesho asubuhi, nitaleta namba zote hapa mama.